Nati Moja Chini ya Boriti

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliopo, mafundi wa saiti ambao safari hii mmeketishwa viti vya mbele, na ninyi vijana mnaongoja kula kiapo. Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba.

Nimepewa mada ya maadili ya mhandisi. Neno hilo likitajwa ukumbini watu huanza kuchungulia simu, na mimi mwenyewe nimekaa upande huo wa ukumbi miaka mingi, kwa hiyo siwalaumu. Leo nitaongelea nati. Nati ya chuma na washa yake, ile pete bapa inayokaa kati ya nati na chuma, chini ya boriti, katika hoteli ya mji wa Kansas City, Marekani. Mniwie radhi nikichora hewani kwa mikono. Umeme umegoma na projekta imelala.

Mtaniuliza kwa nini niende mbali hivyo wakati ya kwetu yapo. Yapo, tena yanauma. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka asubuhi, wakafa watu 36. Novemba 2024 tukasimama tena Kariakoo tukisikiliza sauti kutoka chini ya kifusi. Wamo humu ndani waliobeba matofali kwa mikono siku zile. Lakini msiba wa nyumbani ukiuzungumza kabla haujapoa, kila mtu anasikia jina la mtu anayemjua, na hesabu hakuna anayeisikia. Ya Kansas City imepoa. Imepimwa maabara, imesikilizwa na jaji, na ile nati imeandikiwa kurasa kwa kurasa.

Hoteli yenyewe, Hyatt Regency, ilifunguliwa mwaka 1980. Ukumbi wake wa kuingilia uliachwa wazi kwenda juu ghorofa kadhaa, na ili wageni wavuke kutoka upande huu hadi ule bila kushuka chini, walining'iniza madaraja matatu kutoka darini kwa fimbo za chuma: moja usawa wa ghorofa ya pili, moja ya tatu, moja ya nne. La nne lilikaa juu kabisa ya la pili. La tatu lilikuwa kando, na fimbo zake lenyewe. Kila daraja lilikuwa na urefu wa mita 37 hivi na uzito wa karibu tani 29. Ukiwa chini unatazama juu, yalikuwa kama yanaelea. Wabunifu majengo wanapenda vitu vinavyoelea, na wahandisi wa miundo tunapenda kuwaonyesha kwamba tunaweza.

Ijumaa ya tarehe 17 Julai 1981 palikuwa na dansi ukumbini. Bendi inapiga, watu kama 1,600 wamejaa, wengine wamepanda madarajani kutazama wanaocheza. Saa moja na dakika tano usiku daraja la ghorofa ya nne likachomoka, likaliangukia la pili lililokuwa chini yake, yote mawili yakashuka juu ya watu. Walikufa 114 na zaidi ya 200 wakaumia. Kuokoa kulikesha hadi asubuhi. Mabomba yalikatika, maji yakajaa sakafuni, ikawa waliobanwa chini ya zege wanakaribia kufa maji ndani ya hoteli.

Hakukuwa na tetemeko wala upepo. Moto haukuwaka. Na watu waliokuwa madarajani walikuwa wachache kuliko idadi ambayo kanuni za ujenzi za mji ule zilitaka madaraja yaimudu. Mzigo ulikuwa mdogo, chuma kikashindwa.

Sasa njooni kwenye nati.

Katika mchoro wa kwanza, fimbo ilikuwa moja, ndefu, kutoka darini hadi daraja la chini. Ilipita ndani ya boriti ya daraja la nne, na chini ya boriti hiyo pana nati ya kuibeba. Halafu fimbo ile ile ikaendelea kushuka hadi boriti ya daraja la pili, nayo ina nati yake. Kila nati inabeba daraja lake. Tatizo likawa la karakana iliyotengeneza vyuma hivyo. Ili nati ya katikati ifike mahali pake, fimbo lazima ikatwe thredi, ile mizunguko ya kufungia nati, sehemu ndefu sana, na fimbo ya namna hiyo ukiinyanyua na kuigongesha saitini thredi zinaharibika. Fundi yeyote hapa mbele angelalamika. Karakana ikapendekeza fimbo mbili: ya kwanza kutoka darini iishie chini ya boriti ya nne, ya pili ianzie juu ya boriti hiyo hiyo, sentimita kumi tu pembeni, ishuke hadi daraja la pili.

Kwenye karatasi tofauti haionekani. Sasa fikirini vijana wawili wananing'inia kwenye kamba moja iliyofungwa tawi la mwembe. Wa juu kaishika kamba kwa mikono yake, wa chini naye kaishika kamba ile ile kwa mikono yake. Tawi linawabeba wote wawili, lakini mikono ya kila mmoja inabeba mwili wake tu. Haya, ikateni kamba katikati. Wa chini mwambieni aning'inie kwenye miguu ya wa juu. Tawi halijui kama kuna kilichobadilika, uzito ni ule ule. Kamba ya juu nayo ni kama mwanzo. Anayejua ni yule kijana wa juu, mikono yake imebebeshwa watu wawili.

Mikono hiyo ndiyo nati iliyokuwa chini ya boriti ya ghorofa ya nne. Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Daraja la pili lilihamishiwa kwenye nati ya daraja la nne kana kwamba ni kanda la usufi kweli, na lilikuwa tani 29 pamoja na watu waliosimama juu yake.

Boriti yenyewe ilikuwa ya masanduku. Unachukua vyuma viwili vya umbo la C, unavigusisha midomo, unavichomelea, unapata sanduku. Na tundu la fimbo walilitoboa papo hapo kwenye mshono wa kuchomelea. Mafundi wa mbele naona mnatikisa vichwa. Mzigo ulipoivuta nati kwenda juu, mshono ukaachia, midomo ya chuma ikajikunja, nati na washa yake vikapenya ndani ya boriti na kutokea upande wa pili. Fimbo ilibaki inaning'inia darini, nzima, na nati yake mwishoni. Picha ipo, na kama kuna picha moja ya kuitundika ofisini juu ya meza ya kuchorea, ningesema iwe hiyo.

Wachunguzi wa serikali kutoka taasisi ya taifa ya viwango walitengeneza viungo kama vile, yaani pale fimbo, nati na boriti vinapokutana, na kuvivunja maabara. Kile cha fimbo mbili kilikuwa na nguvu ya karibu asilimia 30 ya iliyotakiwa na kanuni. Hapo wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha karakana iliyoharibu mchoro mzuri. Ngojeni. Walikokotoa pia mchoro wa mwanzo, wa fimbo moja. Ule ulikuwa na asilimia 60. Mchoro mzuri haukuwahi kuwepo! Wahandisi waliuchora ule wa kwanza bila kukikokotoa kiungo, karakana ikaubadilisha bila kukikokotoa, kisha mabadiliko yakarudi kwa wahandisi yakapigwa muhuri bila kukokotolewa.

Ilikuwaje? Ukisoma ushahidi unasikia sauti unazozijua. Mhandisi alidhani viungo vya chuma karakana ndiyo huvisanifu, kwa sababu baadhi ya karakana zilikuwa na desturi hiyo. Karakana ilidhani wahandisi wameshamaliza, maana mchoro umekuja na vipimo vya fimbo na boriti. Karakana ilisema ilipiga simu kuuliza kuhusu fimbo mbili ikaruhusiwa. Ofisi ya wahandisi ikasema simu hiyo haikupigwa. Mpaka leo ni neno la huyu na neno la yule. Februari 1979 michoro 42 ya karakana ililetwa kwa wahandisi, baada ya siku kumi ikarudi ina muhuri. Aliyekuwa akiikagua pale ofisini aliuliza kuhusu zile fimbo mbili, akajibiwa kwamba ni kitu kile kile.

Nani kakokotoa? Hilo ndilo swali langu la leo, vijana, sina jingine. Wote waliohusika walikuwa watu wenye shahada na uzoefu, na kwenye mafaili yote ya mradi ule hakuna karatasi hata moja inayomjibu anayeuliza hivyo kuhusu kiungo kile.

Na nafasi ya kuuliza waliipata mara ya pili. Oktoba 1979, hoteli ikiwa bado inajengwa, sehemu ya paa la ukumbi ule ule ilianguka, na chanzo kilikuwa kiungo. Hakuna aliyekufa. Mwenye jengo akashtuka, akataka kuhakikishiwa, na wahandisi wakaahidi kwamba vyuma vyote vya ukumbi vitapitiwa upya. Zile nati hazikuguswa. Haki iwe haki: wahandisi hao waliomba zaidi ya mara moja walipiwe mtu wa kukaa saitini muda wote, mwenye jengo akaona ni gharama. Washitiri, yaani wenye kazi, wa namna hiyo mtawakuta sana. Lakini kumbukeni kosa lilikuwa kwenye karatasi, mezani kwao. Mtu wa saiti angeona fimbo mbili, akafungua mchoro wenye muhuri, akakuta fimbo mbili, akaendelea na chai yake.

Mashtaka ya jinai hayakufunguliwa, ushahidi haukufika huko. Kilichofuata ni shauri la leseni katika jimbo la Missouri, ilikokuwa hoteli ile. Jaji alisikiliza kwa wiki kadhaa, na uamuzi wake wa mwaka 1985 ulikuwa wa kurasa zaidi ya 400. Mwaka 1986 Jack Gillum, aliyekuwa mhandisi mwenye muhuri, na Daniel Duncan, aliyekuwa akiuendesha mradi, walinyang'anywa leseni. Walikata rufaa, wakashindwa. Wakili alijaribu kueleza desturi ya kuwaachia karakana viungo. Jibu la uamuzi ule kwa Kiswahili changu ni hili: kazi unaweza kuikasimu, hata kwa fundi mchoraji wa mwaka wa kwanza, jukumu la muhuri halikasimiki. Gillum, na hili namheshimu kwalo, miaka mingi baadaye alisimama mbele ya wahandisi wenzake kulisimulia kosa lake kwa mdomo wake. Sijui wangapi kati yetu tungeweza.

Kuna anayewaza, "Huyu mzee anaongea kama hajawahi." Nimewahi.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Nyumba ya ghorofa, boriti ya ghorofa ya kwanza, chini nimeweka nondo nne za milimita 20. Niko kwenye daladala, nimesimama, simu inaita. Ni msimamizi wa saiti, mtu mzima, aliyeanza kufunga nondo kabla sijazaliwa. "Injinia, za ishirini mjini hakuna. Za kumi na sita zipo. Badala ya nne tunaweka sita, si itakuwa yale yale?" Nikamjibu, "Sawa mzee wangu, endeleeni." Sekunde ishirini, pengine. Konda alikuwa anadai nauli.

Usiku usingizi ukakata. Nikatoa karatasi. Nondo ya 20 ina milimita za mraba 314, mara nne ni 1,256. Ya 16 ina 201, mara sita ni 1,206. Pungufu, lakini asilimia nne tu. Nikajiambia kuna akiba kwenye hesabu, nikalala. Alfajiri kitu kikanisukuma nipite pale. Nikakuta mashine ya kuchanganyia zege inaunguruma, ndoo zimepangwa kwenye ngazi, na ndani ya boriti nondo ni tano.

Nikamwuliza mzee, ya sita iko wapi? Akanionyesha kwa kidole, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mjukuu wake. Boriti ilikuwa nyembamba, milimita 230. Toa nafasi ya kufunika chuma pande zote mbili, toa ringi zinazozifunga nondo, ukipanga nondo sita katika safu moja zinabanana kiasi kwamba kokoto haipiti katikati. Zege lingebaki na mashimo. Kwa hiyo akatoa moja. Kwa ufundi wake alikuwa sahihi, na angeniuliza tena kama jana yake nisingelimwonyesha kwamba mimi ni mtu wa kusema "sawa" bila kufikiri. Tano mara 201 ni 1,005. Sasa tumepungukiwa moja ya tano ya chuma, na kila aliyehusika anaweza kuapa kwamba mwenzake aliridhia.

Nikasimamisha zege. Mkandarasi alinitukana mbele ya vibarua, nao vibarua walilipwa kutwa nzima kukaa kivulini. Tukazipanga nondo safu mbili, na kwa kuwa safu ya pili inakaa juu zaidi na nguvu yake inapungua, nilikokotoa upya nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Nyumba ipo, watu wanaishi humo. Kila nikipita naitazama ile boriti, na wenye nyumba hudhani nina deni nao.

Wakati mwingine swali huulizwa vizuri na jibu likapotea njiani. Kule Kanada, daraja la Quebec lilikuwa likijengwa mwaka 1907, na mhandisi kijana Norman McLure akaona vyuma vya chini vimeanza kupinda. Akasafiri hadi New York kumwona mshauri mkuu, Theodore Cooper, mzee aliyeusimamia mradi akiwa mbali. Cooper aliyaona mahesabu, akapeleka simu ya maandishi kwamba mzigo usiongezwe darajani. Aliipeleka kwenye kiwanda cha vyuma huko Pennsylvania, saitini haikufika kwa wakati. Jioni hiyo ya tarehe 29 Agosti daraja likaanguka mtoni, wakafa wafanyakazi 75, wakiwemo Wamohawk wengi, wenyeji wa Kanada, wa kijiji kimoja, Kahnawake. Leo una simu mfukoni, usiniambie ulituma ujumbe kwenye kundi.

Tena yupo aliyejikamata mwenyewe. William LeMessurier, mwaka 1978, aligundua kwamba jengo lake la ghorofa 59 pale New York, Citicorp, lilikuwa limefungwa kwa boliti mahali alipodhani limechomelewa, na upepo wa kuzipiga kona zake ungeweza kuliangusha. Jengo limeshahamiwa. Alikwenda kuwaambia wenyewe, na wachomeleaji wakafanya kazi usiku kwa usiku hadi likaimarishwa. Anasifiwa sana vyuoni. Mimi namsifu nusu, kwa sababu majirani waliolala chini ya jengo lile hawakuambiwa, habari ilikuja kutoka mwaka 1995. Ukisema kweli kwa mwenye fedha ukamficha anayelala chini ya nguzo zako, umeufikisha ujumbe nusu njia, kama simu ya Cooper.

Muda wangu umekwisha, Mwenyekiti ananitazama. Kijana mmoja alinivuta pembeni wakati wa chai akaniuliza afanye nini bosi akimwambia apige muhuri, yeye hajaona mahesabu, na kodi ya chumba inadaiwa. Nilimwambia aombe karatasi. Asigombe, asitoe hotuba kama hii, aseme tu: "Naomba niione karatasi ya mahesabu ya kiungo hiki, niiweke kwenye faili." Ikiwapo, mambo yamekwisha. Isipokuwapo, bosi naye sasa anajua kwamba haipo, na kuanzia hapo wanaoijua siri hiyo ni wawili. Nimeona mabosi wakali wakilegea kwa ombi hilo. Nimeona pia kijana akifukuzwa kwa ajili yake, siwadanganyi.

Tangu siku ile ya nondo tano natembea na daftari. Hili hapa, la kumi na saba sasa. Kushoto naandika swali la saiti, na nani kaliuliza, na saa. Kulia pana nafasi ya mahesabu, na chini ya mahesabu jina la aliyekokotoa. Kwenye simu nina jibu moja tu: "Nimekusikia, nitakupigia." Mafundi hawalipendi, wananiita Injinia Nitakupigia, nami nimelizoea.

Leo asubuhi saa mbili kasoro, msimamizi wa saiti moja kule Kigamboni amenipigia. Bomba la maji taka linapita mahali penye nguzo, anaomba kuisogeza nguzo sentimita kumi na tano. Upande wa kulia bado mweupe. Zege lao ni kesho, kwa hiyo chakula cha mchana sitabaki nanyi.